Ndiyo ya fundi: namna nilivyojifunza kukataa bila kugombana na mtaa

Kibanda changu kipo Ngamiani, barabara ya 13, hapa Tanga. Nashona magauni, madira, sare za shule, mashungi, na ikibidi mapazia. Kwa miaka mingi mtaani nilisifiwa kwamba sina makuu. Mtu akileta kitambaa napokea, akiomba nipunguze bei napunguza, akikopa nakopesha. "Fundi yule mzuri, hana roho mbaya." Na watu hao hao, wakishakata kona, walisema: "Lakini muongo!" Yote mawili yalinifikia. Nilidhani wanaonisifu ndio wanaonijua, na wanaonisema wana husuda. Kumbe walikuwa wanazungumzia jambo moja.

Kama na wewe ni mtu wa "hakuna shida" huku shida unaiona inakuja na miguu yake, kaa hapa kidogo. Nitaanza na aibu yangu, halafu nikueleze nilivyofanya.

Mwaka ule nilipokea kazi za Iddi bila hesabu. Mfungo unaanza, vitambaa vilikuwa kabatini. Kufika kumi la mwisho vilikuwa juu ya meza, chini ya meza, na kwenye beseni la kufulia. Hesabu yangu yote nikaiegemeza kwenye siku ya 30. Sasa Ramadhani haina ahadi na fundi: ina siku 29 au 30, na utajua usiku wenyewe. Usiku wa kuamkia siku ile niliyoitegemea nikasikia takbira msikitini, na watoto wanakimbia barabarani wakipiga kelele mwezi umeandama. Mtaa mzima unafurahi, mimi nimekaa kwenye kiti cha cherehani, tumbo limenishuka.

Nikashona mpaka alfajiri. Asubuhi kabla ya swala akaja mama mmoja na binti yake, wa miaka saba hivi. Gauni la mtoto lilikuwa limekatwa, halijashonwa: mbele, nyuma, mikono miwili, na kola imeshikizwa kwa pini. Mtoto alikuwa amesukwa, amepakwa hina mikono yote miwili, na kwa kuwa gauni alikuja kulichukua kwangu, alikuwa amevaa shimizi tu, kajifunika kanga ya mama yake. Mama hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alivitandaza vile vipande juu ya mtandio wake, pini na zote, akafunga fundo, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Mtoto aligeuka mara moja.

Kile kitambaa alikileta tarehe 22 ya mfungo, na jibu nililompa nalikumbuka neno kwa neno: "Wala usijali, mama, lete tu." Mdomo ulipokuwa unasema, kichwa kilishajua kwamba haiwezekani. Niliogopa kuona uso wake ukibadilika kwa dakika moja mbele yangu, nikaona heri ubadilike siku ya Iddi. Huo ndio uongo wa fundi. Watu wanadhani tunadanganya kwa tamaa ya fedha, na wapo wa namna hiyo, lakini wengi wetu tunadanganya kwa kutaka kupendwa.

Na hapo nilikuwa nimetoka darsani siku hizo hizo. Mwalimu alitusomesha ile hadithi ya alama tatu za mnafiki: akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya khiyana. Nilitikisa kichwa na wenzangu, tena kwa masikitiko, nikimfikiria mtu mwingine kabisa. Vitambaa vya watu vinaningoja kwenye beseni.

Kwanza jitazame, usikatae kitu

Kosa nililoanza nalo ni kutoka kwenye Iddi ile na azimio. Nyumbani niliwatangazia: kuanzia leo mtanijua mimi nani. Siku ya tatu nikamkaripia mtoto anayepitisha bagia, eti kwa nini anasimama mlangoni pangu, mpaka akateremsha sinia kichwani akaniangalia. Mchana wake jirani kaja na suruali ya mumewe, nikapokea. Ndivyo inavyokuwa. Hasira ya kushindwa kumkatalia mkubwa humwangukia mdogo. Ukijiona umeanza ukali ghafla, angalia kwanza unamfokea nani.

Kwa hiyo kwa siku 14 usijilazimishe kukataa chochote. Endelea na ndiyo zako kama kawaida, ila ziandike. Mimi nililigeuza daftari langu la oda nikaanza kuandika kutokea nyuma. Kila ombi mstari mmoja: nani, kaomba nini, mwili wangu ulifanya nini kabla sijajibu, na nilijibu nini. Andika hapo hapo, au ndani ya saa moja. Ukingoja usiku utaandika hadithi uliyoitunga njiani, na humo ndani utakuwa mtu mwema sana.

Mistari yangu ilikuwa hivi:

Jumatatu. Jirani wa duka la vyombo. Kubadili zipu ya suruali, "dakika tano tu". Nilicheka. Nikasema lete.

Jumanne. Wifi. Elfu thelathini mpaka mwisho wa mwezi. Shingo ilikaza. Nilicheka. Nikasema hakuna shida, nikatoa ile niliyoweka ya kutengeneza ovaloki, mashine yangu ya kufunga kingo za nguo.

Jumanne, jioni. Kijana simjui, kashuka kwenye bajaji, anataka kanzu ya kesho asubuhi. Mwili haukufanya kitu. Nikamwambia haiwezekani.

Huo mstari wa tatu ndio ulionizindua. Miaka yote nilijiambia kwamba mimi sijui kukataa, ndivyo nilivyoumbwa. Kumbe najua! Yule kijana nilimkatalia huku napiga pasi, wala sikuinua kichwa. Ulimi ninao, isipokuwa mbele ya watu fulani unalala. Siku 14 zilipoisha nikakaa na daftari na kalamu nyekundu, nikazungushia kila ndiyo niliyoijutia. Karibu zote zilitoka kwa watu wa aina mbili: kina mama walionizidi umri wanaoniita mwanangu, na ndugu wa mume. Wanaume, vijana, abiria wa haraka aliyeshuka stendi ya Kange na gauni limechanika kwapa, hao siwaogopi hata kidogo.

Usichimbe sana kutafuta kwa nini, ila likikujia lenyewe lipokee. Mimi lilinijia nikiosha vyombo. Nililelewa kwa mama mdogo, nyumba ya watoto wengi, na mimi si wa mle. Hakuna aliyenitesa. Ila nilijifunza mapema sana kusoma uso wa mtu mzima kabla sijanyoosha mkono kwenye sinia. Nilisifiwa nina adabu. Adabu yenyewe ilikuwa kutohitaji kitu. Sasa nina miaka 43 na bado nikiona uso wa mama wa makamo umeanza kukunjamana, mimi ni yule mtoto wa pembeni ya sinia.

Kitu cha pili utakachokiona kwenye daftari ni alama yako. Yangu ni kicheko kifupi, kama cha mtu aliyekanyagwa kwenye daladala akaona haya kulalamika. Kila ndiyo ya uongo kilitangulia. Dada mmoja nilimweleza habari hii, yeye akagundua alama yake ni kujibu kabla mtu hajamaliza kuomba. Anaambiwa "Nilikuwa naomba...", yeye keshasema "sawa". Mwingine hujikuna shingo. Itafute yako, kwa sababu bila hiyo utakuwa unajishtukia baada ya ahadi kutoka, na ahadi ikishatoka ni kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi.

Na lazima niseme hili, maana wapo watakaosoma wakadhani nawafundisha roho ngumu. Si kila ndiyo ni ugonjwa. Katika siku zile 14 nilishona sare ya shule ya mtoto yatima wa jirani, bure, na uzi wangu. Nilipoangalia mstari wake, hapakuwa na kicheko wala shingo. Usiku sikuikumbuka. Ndiyo ya kweli hulala usingizi wake, ile ya uongo ndiyo inayokuamsha saa nane usiku kuhesabu mapazia ya watu.

Pini mdomoni

Ukishaijua alama, unachotafuta ni nafasi ndogo tu kati ya ombi na jibu. Hata pumzi tatu zinatosha.

Sisi mafundi tuna silaha ambayo wengine hamna. Tunapopima au kushikiza kitambaa huwa tunashika pini kwa midomo. Basi nilianza kufanya makusudi: nikimwona mmoja wa wale wa kalamu nyekundu anavuka barabara anakuja, naweka pini mbili mdomoni. Atasema yake yote, nami naitikia kwa kichwa kwamba namsikia. Nikishazitoa, nikazichomeka kwenye kijimto moja baada ya nyingine, kicheko kimeshapita. Wewe kunywa maji, fungua daftari, uliza "ya lini?" Swali hilo la "ya lini" ni zuri sana, linampa mtu kazi ya kufikiri badala yako.

Kama bado hujui jibu, sema kwamba hujui na useme utajibu saa ngapi. "Nipe mpaka alasiri nitakupigia." Halafu upige. Ukitumia "nitakupigia" kama njia ya kutoroka, umerudi kule kule.

Misumari 40

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wanaofundishana mambo haya wanaongea moyo tu, hesabu hawaigusi. Mtu asiyejua uwezo wake hawezi kuwa na mpaka. Atakataa leo kwa sababu kachoka na kukubali kesho kwa sababu kalala vizuri, na watu watamwona ana ubaguzi. Watakuwa na haki.

Nilianza na ile "dakika tano tu" ya zipu. Safari iliyofuata nikatega simu. Kufumua zipu mbovu kwa wembe bila kuchana kitambaa. Kunyofoa nyuzi. Kupasi pale palipokunjika. Kwenda duka la pili kutafuta zipu ya rangi ile. Kushikiza kwa uzi wa mkono. Kutoa uzi mweupe kwenye cherehani na kwenye bobini, kuweka mweusi. Kubadilisha mguu wa cherehani kuweka wa zipu. Kushona. Kurudisha kila kitu kilivyokuwa ili niendelee na gauni la mtu aliyelipa. Dakika 38. Na wakati huo wote jirani kasimama ananisimulia ugomvi wa mtaa wa pili, kwa hiyo nilikosea upande mmoja nikafumua. Nilimwandikia bei kwenye karatasi akaishangaa, lakini safari nyingine alileta na zipu yake, na akaiacha mpaka kesho.

Basi hesabu ya Ramadhani nikaifanya hivi. Mwezi nauhesabu siku 29, ya 30 siitambui. Siku mbili za mwisho ni za watu kujaribu nguo na kurekebisha, zinabaki 27. Nikipika futari na kwenda darsa, nguo mbili kwa siku ndiyo haki yangu, jumla 54. Hapo toa umeme: cherehani yangu ni ya miguu, lakini pasi na ovaloki vinangoja umeme. Toa mtoto kuugua, toa msiba, kwa sababu katika mwezi mzima wa Tanga hukosi kutandika mkeka mahali. Nimetoa 14. Zimebaki 40.

Nikanunua misumari 40, nikaigongelea kwenye ubao mrefu ukutani, juu ya meza ya kukatia. Kila oda ninayoipokea naifunga kwenye mfuko wake, naandika jina na siku, naitundika msumarini. Mteja anaona kwa macho yake. Misumari ikijaa, imejaa. Siyo mimi niliyekataa, na hapo kuna ujanja kidogo nakubali, lakini ujanja huu hauna uongo ndani yake.

Kazi yako huenda haina misumari. Mwalimu anayefundisha masomo ya ziada ana viti. Anayepika keki ana jiko lenye nafasi ya sinia ngapi. Anayeombwa ushauri na kila shoga mwenye shida ya ndoa ana siku ngapi kwa wiki za kukaa usiku na simu sikioni? Weka idadi, tena iwe ndogo kuliko unavyojisikia leo asubuhi.

Kabla ya kutundika kazi mpya nilikuwa na deni la ndiyo za zamani. Hili liliniuma kuliko yote. Nilikuwa na vitambaa 11 vya watu ambavyo nilijua kabisa sitavishona, vingine vina mwaka. Nikapanda baiskeli nikavirudisha, mlango kwa mlango, mpaka Mikanjuni. Wawili walinisema sana. Mmoja, mama wa Pongwe, alikuwa ameshasahau kama anakidai kitambaa, akanipa machungwa ya Muheza nusu kiroba. Kama kuna pesa ya malipo ya awali, irudishe siku hiyo hiyo, hata kwa kukopa.

Maneno yenyewe

Kwenye simu nimeona mafunzo mengi ya kukataa. Wanasema neno "hapana" linajitosheleza, huhitaji kuongeza kitu. Labda huko kwao. Hapa Tanga ukimpa mama wa makamo "hapana" kavu amesimama mlangoni, ataondoka kimya, na kabla ya adhuhuri kesi ipo kwa shangazi yako. Kukataa kwetu kuna heshima zake, na sioni sababu ya kuzitupa.

Salamu ziishe zote. Mpe kiti. Jibu lenyewe lije mapema, kabla hajafungua kitambaa, kwa sababu akishakitandaza mezani na kukusifia ulivyomshonea mwanawe mwaka juzi, umekwisha. Omba radhi mara moja. Ukiomba mara tatu unamwambia kwamba kuna mlango hujaufunga, asukume.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Karibu kiti. Mama, nikuwahi kabla hujafungua: niwie radhi, kazi za Iddi nimeshafunga."

"Hata hii moja?"

"Hata hiyo, mama."

"Leo mimi? Niliyekubeba mgongoni?"

"Ndiyo maana sitaki kukudanganya wewe."

Halafu kimya. Hicho kimya ndicho mtihani. Kila kitu mwilini kitakusukuma ukijaze: "ila labda, ngoja nione, kama ukisubiri." Usikijaze. Mimi hurudi kwenye mshono na kuendesha miguu. Mara ya kwanza mikono ilitetemeka mpaka uzi ukakatika. Nilijipa muda wa kushona mbavu mbili za gauni, na nilipofika mwisho wa ya pili mikono ilikuwa imetulia na mama alikuwa anaongea habari za bei ya samaki soko la Deep Sea. Zile hofu tunazozikimbia zina urefu wake, nazo ni fupi kuliko Ramadhani.

Usitoe sababu ya uongo. Zamani nilikuwa fundi wa visingizio: umeme, ovaloki, mgongo. Siku moja nilimwambia mteja siwezi kushona jinzi yake kwa kuwa sindano imekatika. Hakubishana. Baada ya dakika kumi akarudi na pakiti nzima ya sindano namba 16, anatabasamu. Nilishona. Sababu ya uongo ni tatizo unalompa mtu akutatulie, na watu wa Ngamiani ni wema, watalitatua.

Na tuiache inshallah ipumzike. Kwetu Pwani imekuwa jina jingine la hapana: mtu anakuomba, unasema inshallah, wote mnaelewa, hakuna aliyevunjika uso. Lakini ukisoma Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, tumekatazwa kusema "nitafanya kesho" bila kuliambatanisha na apendavyo Mungu. Maana yake neno lile ni la mtu aliyekusudia kweli kutenda, akakumbuka kwamba kesho si yake. Mimi nilikuwa nalisema kwa jambo nililoshaamua kutolifanya. Sasa nikisema inshallah, kitambaa kipo msumarini.

Mafumbo nayo nilijaribu. Nilinunua doti ya kanga yenye jina la kuchoma, nikaitundika mlangoni ili wahusika waisome. Waliisoma. Waliniuliza nimeinunua duka gani.

Wifi, mchezo na mama mkwe

Kwa ndugu, kukataa ombi moja moja kutakuchosha. Weka utaratibu, uuseme siku ambayo hakuna mtu anayeomba. Nilimwita wifi yangu tukanywa chai, nikamwambia: "Wifi, fedha ya kazi sitaikopesha tena. Nikiwa nacho kidogo changu nitakupa, sikudai. Nikiwa sina nitasema sina." Angalia sikumwambia aache kuomba. Kuomba ni haki yake na anaendelea kuomba, wiki iliyopita kaniomba. Nilichokipanga ni jibu langu, basi. Watu wengi wakisikia habari ya kuweka mipaka huenda kuwapangia wenzao tabia, halafu wanalalamika mipaka haifanyi kazi.

Alinuna miezi miwili. Kwenye arobaini ya mjomba wao alinipa mkono kama anampa mgeni. Iliniuma, na sina dawa ya maumivu hayo. Ila nilipopiga hesabu ya miaka, nilichokuwa nimemkopesha na hakijarudi kilitosha kununua ovaloki mpya, na wakati wote huo nilikuwa namsengenya kwa mume wangu kila mwisho wa mwezi. Sijamsengenya tangu tulipokunywa ile chai.

Mchezo wa kila wiki nilikuwa kijumbe, miaka sita, bila malipo, nikizunguka kudai watu wazima fedha zao. Hapo nilitamani kuacha siku ile ile. Sikuacha. Kama kuna fedha za wenzako kwenye mzunguko, ndiyo yako ina wenyewe, ngoja mzunguko uishe. Nilitangaza mapema, nikamkabidhi mwingine daftari siku mama wa mwisho alipopokea.

Mama mkwe ndiye nilimwogopa kuliko wote. Kila Iddi alikuwa ananiletea vitambaa vya wageni wake, saba, nane. Mtu mzima kama yule humngojei aje na kitambaa mkononi. Nilimwendea mimi, mwezi wa Shaaban, na sukari na tende, nikiwa nimeshamtanguliza shangazi yake mume wangu aliyemwandaa kwa maneno anayoyajua yeye. Nikamwambia: "Mama, katika misumari yangu 40, mitatu ya kwanza ni yako kila mwaka. Ya nne sitaweza." Akauliza misumari gani. Nikamweleza. Akacheka sana, akasema mtoto huyu kawa Mhindi. Mwaka huo alileta vitambaa vitatu, na cha nne alikipeleka kwa fundi wa Makorora, na alihakikisha nimejua.

Nikutahadharishe jambo moja kabla sijamaliza. Haya yote ni kwa watu watakaonuna, watakaosema, watakaokususia. Kama unayemwogopa nyumbani anakupiga au ametishia kukupiga, usianze na daftari atakaloliona wala usimjaribie hapana yako ya kwanza. Hofu yako ina sababu, inakulinda. Mwambie mtu unayemwamini nje ya nyumba, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, kazi yao ni hiyo. Afisa ustawi wa jamii naye yupo.

Mimi mwenyewe bado naanguka. Mwezi uliopita nimepokea mapazia ya ukumbi mzima kwa sababu aliyeleta ana sauti kama ya mama mdogo. Nimeandika mstari wake kwa kalamu nyekundu.

Mfungo uliopita, tarehe 19, misumari ilikuwa imejaa yote. Akaingia bibi mmoja wa barabara ya 15, wa kalamu nyekundu kabisa, kitenge kwapani. Nikaweka pini mdomoni. Aliusoma ule ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, akihesabu kwa kidole. Halafu akafungua pindo la kanga yake, akatoa msumari mpya wa inchi tatu, akauweka juu ya meza yangu.

Nilitema pini nikacheka mpaka machozi, na yeye akacheka, tukashikana mabega. Msumari nikaupokea. Kitenge nikamkunjia vizuri, nikamrudishia, nikamwandikia kwenye karatasi tarehe ya kukileta: Jumatatu ya pili baada ya Iddi. Msumari wake nimeugongelea karibu na dirisha, unashika futi yangu ya kupimia.